Nimewasha kipaumbele kwenye swichi, mbona simu za ofisi bado zinakatika?

"Habari ya kazi, mhandisi. Mimi ni mhasibu katika sacco moja hapa Kisumu, lakini kwa kuwa ndimi mdogo wao ofisini, mambo yote ya kompyuta huishia mezani pangu. Tuna simu 14 za mezani zinazopitia intaneti, kamera 12, na swichi mbili za mtandao. Moja iko chini walipo wahudumu wa kaunta na maafisa wa mikopo. Nyingine iko juu kwenye chumba cha seva, pamoja na ruta na mashine ya kurekodi kamera. Intaneti yetu ni megabiti 20. Tangu Januari, ikifika saa saba mchana na tena kuanzia saa kumi, sauti ya simu inakuwa kama ya roboti. Mteja anasema hallo, hallo, kisha anakata. Hata tukipigiana sisi kwa sisi, wa chini na wa juu, sauti huharibika, ingawa si kama ya nje. Nilisoma, nikaingia kwenye swichi ya chini, nikawasha QoS, ule mpangilio wa kipaumbele, na kuipa milango yote yenye simu (matundu ya kuchomeka waya) kipaumbele cha juu kabisa. Simu zilipata nafuu kidogo tu, na sasa watu wa kaunta wananilaumu kwamba mfumo umekuwa mzito, hasa saa saba. Fundi mmoja anasema swichi zetu ni za bei rahisi, tununue ya elfu tisini. Zote ni za gigabiti, na taa zote ni za kijani isipokuwa ule mlango unaounganisha chini na juu, ambao ni wa manjano. Mwenyekiti anataka jibu kabla ya mkutano. Tununue?"

Msinunue, angalau si kabla ya mkutano huo. Katika swali lako kuna jambo ulilolipitisha harakaharaka, lile la taa ya manjano, na ndilo lililonifanya nikae chini nikuandikie kwa urefu. Kwa maoni yangu nusu ya shida yenu iko kwenye waya mmoja ambao bei yake haizidi sana ya kuku wawili wa kienyeji pale Kibuye. Nusu nyingine iko kwenye ruta. Swichi zenyewe sijaona kosa lao mpaka sasa.

Na hilo la kaunta kuwa nzito lisikukoseshe usingizi. Ulifanya kile ambacho ukurasa wa mipangilio unakualika kufanya: kuna orodha ya milango, mbele yake kuna neno kipaumbele, unachagua cha juu, unahifadhi. Sisi sote wa kazi hii tulianza hivyo. Ila ukurasa ule haukuulizi swali ambalo lingepaswa kutangulia yote, nalo ni hili: foleni iko wapi?

Umewahi kuvuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno kwenda Mbita? Magari hufika kutoka upande wa Bondo kila moja kwa saa yake, barabara iko wazi, hakuna anayemzuia mwenzake. Foleni inaanzia pale gatini, kwa sababu feri ina nafasi ya magari machache na barabara imeleta mengi. Sasa ifike ambulensi. Huko nyuma barabarani king'ora chake hakikuibadilishia chochote, njia ilikuwa tupu. Pale gatini ndipo king'ora kina kazi: mtu wa lango anaisogeza mbele. Lakini tazama kilichotokea. Feri haikupanuka, wala haikuongeza mwendo. Kuna lori la samaki lililorudi nyuma nafasi moja. Na kama kila dereva angefunga king'ora kwenye gari lake, mtu wa lango angerudi kwenye utaratibu ule ule wa aliyetangulia kufika.

QoS ni huyo mtu wa lango, hana uwezo zaidi ya huo. Haiongezi kasi ya mtandao hata kidogo. Inaamua nani atangulie pale ambapo watu tayari wamesimama, na mahali pasipo na msongamano inakaa bure. Ndiyo maana ukiiwasha kwenye swichi isiyo na foleni huoni tofauti, na ukiiwasha vibaya penye foleni unaona tofauti usiyoitaka.

Foleni hutokea wapi, basi? Kila mlango wa swichi una foleni zake za kutokea, nne au nane kutegemea swichi. Pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, ikiingia mlango wa 3 na kutakiwa itoke mlango wa 24, inasimama kwenye foleni ya mlango wa 24. Kwa kasi ya gigabiti moja, pakiti kubwa ya baiti 1500 hutoka kwa sehemu 12 tu kati ya milioni moja za sekunde. Hapo hakuna wa kumsubiri mwenzake kwa muda unaoweza kusikika. Foleni ya maana inajengeka pale tu ambapo wengi wanaingia na mlango wa kutokea ni mmoja, au pale walioingia kwa kasi wanapotakiwa kutoka polepole. Kwenye ofisi yenu naona mahali pawili pa namna hiyo.

Pa kwanza ni kwenye taa yako ya manjano. Swichi nyingi huwasha kijani kwa gigabiti na manjano kwa megabiti 100, ingawa kila mtengenezaji ana rangi zake, kwa hiyo usiniamini mimi, fungua ukurasa wa hali ya milango usome kasi iliyoandikwa. Nikipatia, waya unaounganisha chini na juu unapitisha sehemu ya kumi tu ya uwezo wake. Sababu ya kawaida ni nyepesi. Waya wa mtandao una nyuzi nane, yaani jozi nne. Gigabiti huhitaji jozi zote nne, megabiti 100 huhitaji mbili tu. Uzi mmoja ukikatika, au kichwa cha plastiki kikibanwa vibaya, swichi hazikupigii kelele. Zinapatana kimya kimya kushuka hadi 100 na kazi inaendelea, ila kwa kuchechemea. Ulisema shida ilianza Januari. Jaribu kukumbuka kama kuna aliyepaka rangi, aliyehamisha kabati au aliyepitisha waya mwingine dirishani mwezi huo.

Hebu tupige hesabu ya waya huo. Kamera 12, tukichukulia zote zimechomekwa chini, tuseme megabiti 4 kila moja, ni 48 zinazopanda juu kwenda kwenye mashine ya kurekodi mchana kutwa. Nusu ya njia imekwisha kabla mtu hajawasha kompyuta. Kisha ifike saa saba. Nakisia kompyuta za maafisa wa mikopo zimepangiwa kunakili faili zao kwenda kwenye seva wakati wa chakula, na saa kumi kaunta ikifungwa kuna nakala nyingine inayotumwa nje mtandaoni. Kama nimekosea utaniambia, lakini saa zako ulizozitaja zinanukia hivyo. Kunakili faili hakuna adabu. Kazi hiyo huongeza kasi hadi igonge ukuta, na ukuta wenu uko kwenye megabiti 100.

Sauti yenyewe haihitaji makubwa, na hapa ndipo wengi hupotea. Simu moja inayotumia G.711, mfumo wa kugeuza sauti kuwa data, hula kama kilobiti 87 kila upande ukihesabu na maganda ya Ethernet yanayofunga kila pakiti. Simu zenu zote 14 zikiongea kwa pamoja hazifikishi hata megabiti moja na robo. Kwa hiyo mtu akikuambia simu zinakatika kwa sababu intaneti ni ndogo, mwombe aketi akupigie hesabu hiyo. Sauti inachohitaji ni kutocheleweshwa. Simu hukata maneno yako vipande vya sekunde 0.02, vipande 50 kila sekunde, na simu ya upande wa pili hutarajia kuvipokea kwa mdundo huo huo. Kipande kikichelewa kupita kiasi hakina faida tena, kinatupwa, na pengo linajazwa kwa kubahatisha. Ile sauti ya roboti ni hayo mapengo yaliyozibwa. Faili ikichelewa nusu sekunde hakuna anayejua. Neno likichelewa nusu sekunde, watu wawili wanaanza kuongea kwa pamoja halafu wote wananyamaza. Pendekezo la kimataifa la G.114 linataka safari ya sauti kutoka kinywani hadi sikioni isizidi milisekunde 150.

Sasa turudi kwenye kile ulichokifanya. Igeuze simu moja ya afisa wa mikopo uitazame nyuma. Karibu nina hakika utakuta matundu mawili: moja limetoka ukutani, na jingine lina waya unaoenda kwenye kompyuta yake. Wajenzi wa ofisi hupenda hivyo kwa sababu wanaokoa waya. Ulipoupa mlango huo kipaumbele cha juu, hukuipa simu peke yake. Ulifunga king'ora kwenye simu, kwenye kompyuta, kwenye nakala ya saa saba na kwenye video ya mabao ya jana. Wahudumu wa kaunta, ambao nadhani hawana simu na kompyuta zao zimechomekwa moja kwa moja, wakabaki bila king'ora. Kwenye swichi nyingi za bei nafuu kipaumbele cha juu kabisa ni cha amri: mradi kuna pakiti kwenye foleni ya juu, wa chini hapiti. Basi faili za mikopo zilipoanza kupanda saa saba, mhudumu wa kaunta akabonyeza kutafuta akaunti ya mteja na kungoja. Umeona uzito ulikotoka.

Kuna na jambo la pili lililojificha humo. Kipaumbele cha mlango kinawahusu wanaoingia kupitia mlango huo. Sauti ya afisa wako ikipanda juu ilikuwa na king'ora, lakini sauti ya mteja ikishuka iliingia kupitia ruta na swichi ya juu, ambayo hukuigusa, kwa hiyo ilishuka kama pakiti ya mtu yeyote. Ndiyo maana ulipata nafuu kidogo tu. Hii pia inakupa kipimo kizuri ambacho hakihitaji mashine: simu ikiharibika, uliza ni nani asiyesikia. Mteja asipowasikia ninyi, shida iko kwenye safari ya kutoka. Ninyi msipomsikia yeye, iko kwenye safari ya kuingia. Na mkiharibikiwa mkipigiana wenyewe wa chini na wa juu, intaneti haihusiki, mradi simu zenu haziongozwi na mtambo ulio nje mtandaoni, kwa sababu sauti hiyo haikutoka nje ya jengo. Wewe mwenyewe umesema hilo linatokea, nami ndilo lililonirudisha kwenye ule waya.

Mahali pa pili pa foleni ni ruta, na hapo ndipo simu za nje zinapoharibika kuliko za ndani. Kutoka swichi ya juu data inafika kwa kasi ya gigabiti, na mbele yake kuna mlango wa megabiti 20. Hilo ni gati la Luanda Kotieno hasa. Tena kisanduku cha kampuni ya intaneti kina ghala lake la kuwekea pakiti zinazosubiri. Ghala la megabaiti moja tu likijaa, kulimaliza kwa megabiti 20 huchukua milisekunde 400. Kila neno lako linakaa huko nyuma ya nakala ya saa kumi kwa muda huo, na hakuna swichi ya elfu tisini wala ya milioni moja itakayolisogeza mbele, kwa maana foleni haiko kwake.

Kwa hiyo ningeanza na waya. Badilisha ule wa chini na juu, uweke wa Cat 6 au Cat 5e wa shaba tupu. Madukani kuna nyaya nyingi za alumini zilizopakwa shaba, bei inapendeza na boksi limeandikwa vizuri, lakini ukikwangua uzi kwa wembe unaona weupe ndani. Usizichukue. Ukimaliza, kasi isome gigabiti moja. Huenda baada ya hapo simu za ndani zikawa safi bila kugusa kitu kingine, kwa sababu utakuwa umeiondoa foleni yenyewe badala ya kumpangia mtu nafasi ndani yake.

Siku hiyo hiyo rudisha vipaumbele ulivyoweka vyote kwenye hali ya mwanzo. Kabla hujagusa, hifadhi nakala ya mipangilio ya swichi kwenye kompyuta yako. Na ukiwa humo, kama neno la siri bado ni lile lililoandikwa chini ya swichi, libadilishe, sacco ni mahali pa pesa za watu.

Halafu uangalie ratiba. Hakuna dawa ya bei rahisi kuliko kuhamisha nakala ya saa saba hadi saa tatu usiku, na nimeona ofisi ambazo zilimaliza shida yao hapo zikaacha QoS kabisa. Shida ni stima kupotea usiku, na wafanyakazi wenye tabia nzuri ya kuzima kompyuta wanapotoka. Lipange na wenzako.

Baada ya haya, kama bado unataka kipaumbele kwenye swichi, na mimi ningekiweka kwa sababu kamera huongezeka kila mwaka, kiweke kwa alama badala ya mlango. Pakiti ya intaneti ina sehemu ndogo kichwani mwake iitwayo DSCP, ambayo tangu 1998 imetengewa biti sita, yaani nambari 0 hadi 63. Sauti hupewa 46 kwa desturi ya dunia nzima. Simu nyingi za mezani hujitia alama hiyo zenyewe tangu kiwandani, lakini hakikisha: fungua ukurasa wa mipangilio wa simu, tafuta sehemu ya QoS. Usishtuke ukikuta 184 badala ya 46. Simu nyingine huonyesha baiti nzima, na 46 mara nne ni 184, ni kitu kile kile. Nimewahi kumkuta kijana mwerevu sana aliyekuwa ameandika 46 kwenye kisanduku kilichotaka 184, na akashinda wiki mbili akitafuta kosa kwenye swichi.

Swichi yenyewe ina lugha yake ya zamani, 802.1p, yenye nambari 0 hadi 7 zinazokaa ndani ya alama ya VLAN, yaani mtandao uliotengwa peke yake ndani ya swichi ile ile. Sauti huko ni 5. Zinalingana kwa namna nzuri: andika 46 kwa biti, utapata 101110, chukua tatu za kwanza, 101, ambayo ni 5. Swichi hutafsiri hivyo hivyo. Kuna kichekesho kimoja cha kukumbuka, kwamba katika utaratibu huo 1 iko chini ya 0. Sifuri ni raia wa kawaida, moja ni kazi za nyuma ya pazia kama nakala za usiku. Mtu akifikiri anaipandisha kaunta kwa kuipa 1, ameishusha.

Tenga simu kwenye VLAN yake ya sauti. Simu za leo huambiwa na swichi VLAN ya kuingia, na kompyuta iliyo nyuma yake hubaki kwenye VLAN ya kawaida, ingawa wote wametumia waya mmoja. Kisha iambie swichi iamini alama za VLAN ya sauti na kufuta alama za kompyuta, kwa sababu kuna programu zinazojipa vyeo. Foleni ya amri iwe ya sauti peke yake. Sauti inaistahili kwa vile ni ndogo na haipandi ghafla. Megabiti moja na robo haiwezi kumnyima mtu chakula. Kaunta, kamera na wengine wote wawe kwenye foleni za mgao, ambapo kila mmoja hupata sehemu yake kwa uzito, kaunta uzito mkubwa, nakala za faili uzito mdogo, na hakuna anayelala njaa. Kamera usizipandishe kwenye foleni ya amri hata mwenyekiti akisema usalama ni muhimu. Ni muhimu, lakini zinakula megabiti 48.

Fanya hivyo kwenye swichi zote mbili. Alama inayoheshimiwa chini na kupuuzwa juu imefanya nusu ya safari.

Kuna mtego mmoja nauweka hapa kwa faida ya wengine wanaosoma, maana sijui swichi zenu ni za aina gani. Kwenye swichi za Cisco za zamani ziitwazo Catalyst, kama 2960, QoS huwa imezimwa, na alama hupita zilivyo. Ukiandika mls qos, amri ya kuiwasha, kila mlango huanza kwa kutoamini chochote: pakiti iliyoingia na 46 hutoka na 0. Mpaka uongeze mls qos trust dscp kwenye milango husika, utakuwa umewavua simu vyeo vyao kwa mkono wako. Nilijifunza hilo Nakuru, kwenye hoteli moja, saa nne asubuhi. Niliandika amri ya kwanza, nikaitwa chai, nikanywa nikiwa na amani. Saa tano mhudumu wa mapokezi alinifuata kunifahamisha kwa upole kwamba simu zilikuwa na nafuu kabla sijaja. Swichi haikuwa na kosa, ilifanya kama kitabu chake kinavyosema. Mimi ndiye niliyekuwa sijakisoma hadi mwisho.

Ruta ndiyo kazi ya mwisho na kwa simu za nje ndiyo kubwa. Iwekee ukomo wa kasi chini kidogo ya ile mnayolipia, tuseme megabiti 18 kati ya 20. Watu hukasirika nikisema hivyo, wanauliza mbona tunatupa megabiti mbili za pesa zetu. Sababu ni kwamba ukiruhusu 20 zote, foleni inajengeka ndani ya kisanduku cha kampuni ya intaneti ambacho huna funguo zake. Ukikomea 18, foleni inahamia kwenye ruta yako, ambapo mtu wa lango ni wako na anaitambua 46. Kama ruta ni MikroTik yenye RouterOS 7, zimo njia mbili nzuri za kusimamia foleni, fq_codel na CAKE, ambazo hupunguza msubiri hata kwa mtu asiyejua kupanga alama. Kwa upande wa kupakua una nguvu kidogo zaidi ya sifuri: pakiti zimeshafika ulipoziona. Ukomo husaidia kwa kuwafanya wanaotuma wapunguze mwendo, ila si kwa uhakika ule wa kupakia. Na usitarajie 46 yako iheshimiwe ukishatoka nje ya ruta, huko kwenye intaneti ya wote alama hizo kwa kawaida hupuuzwa au hufutwa. Sacco ikija kufungua tawi, mkataba wa laini yenye kipaumbele cha sauti ni jambo la kuzungumza na kampuni, nalo lina bei yake.

Hiyo swichi ya elfu tisini itakuwa na maana lini? Kama zenu hazina VLAN, au hazisomi DSCP, au hazitoi umeme wa kuwasha simu na mmechoka na adapta, au kamera zikifika 40. Uliweza kuingia ukaona QoS, kwa hiyo nadhani la kwanza na la pili zinayo. Ninachokuomba umuulize yule fundi ni kitu kimoja: alipima wapi? Fundi aliyekutajia bei kabla ya kuchomeka kipimo kwenye waya ule anaweza kuwa mwenye duka zaidi ya fundi.

Mwite mtu aje mwenyewe, na kipimo cha waya mkononi, kama waya mpya bado unasoma 100, au kama ukurasa wa takwimu unaonyesha makosa ya CRC, yaani pakiti zilizoharibika njiani, yanaongezeka kwenye mlango ule. Hapo huenda mlango wenyewe umeungua. Jioni za Kisumu na radi zake unazijua. Mlango ukipigwa nusu, unafanya kazi leo na kesho unarukwa na akili, na hakuna mpangilio utakaouponya. Vilevile kama waya unatoka nje ya ukuta au unalala sambamba na nyaya za stima, usipande ngazi wewe. Mlipe fundi apitishe fiba kati ya sakafu hizo, haipitishi radi. Na mfumo wa sacco wenyewe, seva na hifadhidata yake, usiuguse bila wale waliouweka kuwa kwenye simu.

Jumamosi, kaunta ikishafungwa, badilisha waya na uondoe vipaumbele. Jumatatu saa saba kamili, wakati nakala inaendelea, mpigie mwenzako wa juu kwa simu ya mezani, mwambie ahesabu hadi 50 polepole huku wewe ukiandika, kisha mbadilishane. Rudieni hivyo kwa kumpigia mtu wa nje. Niandikie ni nambari zipi zilizopotea na ni nani aliyezikosa.